Digrii ya Haki Jinai ya Miaka Miwili Marekani: Piga Hesabu Kabla Hujajiandikisha

Kila Agosti, koleji zinapokaribia kufunguliwa, maswali huwa ni yale yale. Nikisoma haki jinai (criminal justice) miaka miwili, polisi watanichukua? Ni kweli ni bure? Mshahara wake ukoje? Wanaouliza wengi ni Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania walioko Louisville, Dallas, Columbus, Phoenix au Minneapolis. Ni watu wanaopiga shifti ghalani au kwenye nyumba za wazee, na wamechoka na kazi isiyo na bima ya maana wala pensheni. Kazi ya sare inavutia, na sioni ubaya wake.

Ila lipo jambo ambalo vipeperushi vya koleji havilisemi. Digrii hii ya komyuniti koleji, yaani koleji ya miaka miwili, inaweza kuwa nafuu sana kwa ada na bado ikakutia hasara, kwa sababu kazi nyingi ambazo watu huisomea hazidai digrii. Anayepanga mshahara ni mwajiri, na mwajiri huyo huenda anataka cheti cha sekondari tu. Kwa hiyo hesabu yetu itaanzia kwa mwajiri na kurudi nyuma hadi koleji. Kulipa ada kwanza ni kama kukata tiketi kabla hujauliza basi linakwenda wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Marekani na mwenye ruhusa ya kufanya kazi. Kama uko Nairobi au Dar na unafikiria kuja kwa viza ya mwanafunzi, hesabu yako ni nyingine kabisa: utalipa ada ya mgeni, hutapata msaada wa serikali kuu, na milango mingi ya polisi na magereza haitakufunguka.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Stabu zako za mshahara za miezi 2 au 3 iliyopita. Tunahitaji kiwango chako cha saa na ovataimu unayoipata kweli.
- Ripoti ya kodi ya mwaka uliopita, yako na ya mwenzi wako.
- Kadi ya ukaazi, cheti cha uraia, au fomu ya I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) yenye muhuri wa ukimbizi au hifadhi.
- Cheti cha sekondari. Kiwe cha Kenya, Tanzania au diploma ya serikali ya Kongo, kitahitaji kutafsiriwa na kutathminiwa. Kama kilipotelea njiani, panga kufanya mtihani wa GED, unaokupa cheti kinachosimama badala ya kile cha sekondari.
- Rekodi yako ya udereva, na ya mahakamani kama ipo. Usijidanganye hapa.
- Karatasi moja yenye safu mbili: GHARAMA na MAPATO.

Tenga jioni mbili. Ya kwanza ni ya kusoma matangazo ya kazi, ya pili ni ya hesabu.

Hatua ya 1: Chagua kazi, siyo kozi

Andika kazi moja au mbili unazozitaka kwa jina. "Nataka kufanya kazi za sheria" haitoshi. Zifuatazo ndizo wahitimu wengi wa haki jinai huzikimbilia, pamoja na mshahara wa kati wa mwaka kwa nchi nzima, kwa takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani za Mei 2023:

- Mlinzi wa kampuni binafsi: takriban dola 37,000. Cheti cha sekondari kinatosha.
- Mpokea simu za dharura za 911: takriban dola 48,900. Sekondari inatosha, mafunzo hutolewa kazini.
- Askari magereza: takriban dola 53,300. Kwenye magereza ya majimbo na kaunti, kwa kawaida sekondari au GED inatosha.
- Msaidizi wa wanasheria: takriban dola 61,000. Hapa digrii ya miaka miwili ina uzito, lakini ile ya usaidizi wa sheria hasa.
- Afisa probesheni (anayesimamia waliohukumiwa kifungo cha nje): takriban dola 61,800. Kwa kawaida wanataka digrii ya miaka minne.
- Polisi na wapelelezi kwa pamoja: takriban dola 74,900. Masharti yanatofautiana mji kwa mji.

Isome tena orodha hiyo taratibu. Kazi zinazodai sekondari tu utaziingia bila digrii hii, na ile ya probesheni hutaiingia hata ukiwa nayo. Digrii ya miaka miwili inasimama katikati, na faida yake inategemea mji unaoishi.

Angalizo: mshahara wa kati si wa kuanzia. Nusu ya wafanyakazi wako chini yake, na wewe mgeni utaanzia huko chini. Halafu nchi ni kubwa. Polisi wa California na polisi wa Mississippi hawafanani mshahara hata kidogo, kwa hiyo tafuta jedwali la ngazi za mishahara kwenye tovuti ya mji au kaunti yako. Ni taarifa ya umma, huhitaji kumbembeleza mtu.

Hatua ya 2: Soma matangazo matano ya kazi hiyo, ndani ya mwendo wa saa moja kutoka nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye pesa nyingi ndani yake. Kwa kila tangazo, andika majibu ya maswali manne:

1. Digrii au krediti za chuo (vipimo vya masomo uliyomaliza; digrii ya miaka miwili ni kama 60) ni sharti, au ni kitu wanachokipendelea tu?
2. Kama ni sharti, kuna mbadala? Mara nyingi utakuta "krediti 60 au miaka kadhaa ya jeshi" au "au uzoefu wa kazi".
3. Mwenye digrii ya miaka miwili anaongezewa kiasi gani? Idara nyingine hulipa nyongeza ya elimu kila mwezi, nyingine hazilipi hata senti.
4. Wanalipia anayejua lugha ya pili? Na Kiswahili kimo kwenye orodha yao, au ni Kihispania peke yake?

Usipoona jibu la swali la tatu, piga simu ofisi ya ajira ya idara hiyo. Wana watu ambao kazi yao ni kujibu simu za waombaji, na siku hizi idara nyingi zinahaha kutafuta watu, hivyo watakupokea vizuri.

Mifano miwili itakuonyesha kwa nini siachi kukuhimiza usome tangazo la mji wako. Minnesota ni jimbo la pekee kwa jambo hili: ili upate leseni ya polisi kutoka kwa bodi yao, inayoitwa POST, lazima uwe na digrii, angalau ya miaka miwili, pamoja na mafunzo ya kipolisi yaliyoidhinishwa. Ukiwa Brooklyn Park au Rochester, digrii hii ni ufunguo halisi. Sasa nenda New York. Kwa miaka mingi polisi wa jiji hilo walidai krediti 60 za chuo. Mwanzoni mwa 2025 wakashusha hadi 24. Aliyekuwa amelipia krediti 60 kwa ajili ya sharti lile aliamka asubuhi akakuta mwenye 24 amesimama naye kwenye foleni moja.

Hatua ya 3: Hakikisha mlango haujafungwa kwa sababu nyingine

Koleji itakusajili hata kama huwezi kuajiriwa kamwe kwenye kazi unayoisomea. Mshauri wa wanafunzi hana wajibu wa kukuuliza kuhusu uraia wako wala kesi zako. Jikague mwenyewe.

*Uraia.* Kazi za serikali kuu, yaani FBI, magereza ya shirikisho, forodha na mipaka, karibu zote ni za raia. Majimbo mengi nayo yanataka polisi awe raia. California iliondoa sharti hilo kuanzia 2023, na Illinois ikafuata 2024, kwa watu wenye ruhusa halali ya kufanya kazi, lakini usidhani jimbo lako ni mojawapo. Kwa aliyeingia kama mkimbizi kuna jambo zuri ambalo wengi hawalijui: kadi yako ya ukaazi huandikwa tarehe ya kurudi nyuma, siku uliyoingia Marekani. Miaka 5 ya kuomba uraia inahesabiwa kuanzia siku hiyo, si siku uliyoipokea kadi mkononi. Chukua kadi yako uitazame, tarehe imeandikwa pale.

*Umri.* Idara nyingi za polisi huapisha kuanzia miaka 21. Kwa upande wa juu, kazi nyingi za usalama za serikali kuu zina kikomo cha miaka 37 cha kuingia. Mwenye miaka 34 anayepanga kusoma nusu muda kwa miaka mitano ajue hilo mapema.

*Rekodi.* Kosa kubwa la jinai hufunga mlango wa polisi karibu kila mahali. Na lipo hili ambalo limewakata wengi: ukitiwa hatiani kwa ugomvi wa nyumbani, hata kama ni kosa dogo, sheria ya shirikisho ya 1996 inakukataza kumiliki au kushika bunduki. Polisi asiyeruhusiwa bunduki hana kazi. Kama una kesi ya aina hiyo, zungumza na mwanasheria kabla ya kulipa ada.

*Madeni na udereva.* Idara hukagua historia ya mikopo, faini za barabarani na ukweli wa maelezo yako. Uongo mdogo kwenye fomu huumiza kuliko kosa lenyewe.

Hatua ya 4: Chagua koleji na aina ya digrii

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa.

Kwanza, ithibati, yaani chuo kutambuliwa rasmi. Komyuniti koleji za umma hazina shida hiyo. Shida iko kwa vyuo binafsi vya kutafuta faida vinavyotangaza sana redioni na kwenye simu. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa Illinois alikishitaki chuo kiitwacho Westwood kwa kuwaaminisha wanafunzi wa haki jinai mjini Chicago kwamba wataajiriwa polisi, wakati polisi wa jimbo na idara nyingi za eneo hilo hawakuzitambua krediti zake. Chuo kilifungwa 2016. Agosti 2022 Wizara ya Elimu ya Marekani ikafuta mikopo ya watu 79,000 waliosoma Westwood, jumla dola bilioni 1.5. Walisubiri miaka yote hiyo. Ukipigiwa simu na chuo mara tatu kwa siku wakikuambia nafasi zinaisha leo, jua kwamba chuo cha umma hakina haja ya kukukimbiza namna hiyo.

Pili, aina ya digrii. Kuna inayotengenezwa ili uhamie chuo kikuu, kwa kawaida huandikwa AA au AS, na kuna ya kwenda kazini moja kwa moja, AAS. Ukichukua AAS kisha miaka miwili baadaye ukataka digrii ya miaka minne ili uwe afisa probesheni, chuo kikuu kinaweza kukataa nusu ya krediti zako. Umelipia mara mbili. Kabla ya kujiandikisha, waambie wakupe kwa maandishi makubaliano ya kuhamisha krediti kati yao na chuo kikuu cha jimbo. Ahadi ya mdomo ya "kwa kawaida zinahama" haikusaidii. California kozi hii utaikuta kwa jina la uendeshaji wa haki, na ipo aina yake maalumu ya kuhamia vyuo vikuu vya jimbo.

Tatu, uliza kama koleji inatoa krediti kwa mtu aliyemaliza depo, yaani mafunzo ya kuingilia kazi, ya polisi au ya magereza. Nyingi hutoa. Jibu hilo linaweza kugeuza mpango wako wote, kama utakavyoona hatua ya 8.

Hatua ya 5: Tafuta bei halisi

Ada ya wastani ya komyuniti koleji ya umma, kwa mkazi wa eneo husika, ilikuwa dola 4,050 kwa mwaka wa masomo 2024-25. California ni dola 46 kwa krediti moja, kwa hiyo krediti 60 ni dola 2,760 tu. Hiyo ni bei ya rafuni. Unayolipa wewe ni nyingine, na unaipata hivi:

1. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Ni bure. Anayekutoza pesa kuijaza anakula pesa yako, hata akiwa ndugu wa kanisani.
2. Angalia ruzuku ya Pell. Kiwango cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka (2025-26), na hairudishwi kama mkopo. Wenye kadi ya ukaazi huipata, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wamekuwa wakihesabiwa humo pia. Sheria za wahamiaji zinabadilika, kwa hiyo thibitisha na ofisi ya misaada ya fedha ya koleji muhula unaoanza.
3. Uliza mpango wa jimbo. Tennessee na Michigan zina mipango ya ada kwa watu wazima. Minnesota ina North Star Promise tangu 2024, kwa familia yenye kipato chini ya dola 80,000. Lakini soma masharti: mpango wa New York wa 2025 wa watu wazima wa miaka 25 hadi 55 unachagua fani kama uuguzi na teknolojia, na haki jinai haimo. "Koleji ni bure" mara nyingi maana yake ni "koleji ni bure kwa fani fulani".
4. Muulize mwajiri wako wa sasa. Maghala na hospitali kadhaa hulipa ada. Amazon, kwa mfano, ina mpango wa kuwalipia ada wafanyakazi wanaolipwa kwa saa baada ya siku 90 za kazi, kwa kozi zilizo kwenye orodha yao.

Ongeza vitabu, mafuta, maegesho na mlezi wa watoto. Kwa mtu mwenye watoto wadogo, mlezi peke yake anaweza kuzidi ada.

Onyo kuhusu mkopo: wakikupa mkopo juu ya ruzuku, huna lazima ya kuuchukua. Dola 10,000 kwa riba ya asilimia 6.39, kiwango cha serikali kwa 2025-26, ni kama dola 113 kila mwezi kwa miaka 10.

Hatua ya 6: Thamini saa zako

Ada siyo gharama kubwa. Gharama kubwa ni saa ambazo hutazifanyia kazi.

Chukua mfano wa mtu tumwite Neema. Yuko ghalani, dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Anataka kumaliza kwa miaka miwili, kwa hiyo lazima abebe krediti 15 kila muhula. (Krediti 12 zinahesabika kuwa masomo ya muda wote kwenye msaada wa fedha, lakini ukichukua 12 hutamaliza kwa mihula minne. Wengi hugundua hili mwaka wa pili.) Darasani ni kama saa 15 kwa wiki, na nyumbani huenda mara mbili ya hizo. Anapunguza kazi hadi saa 24.

Safu yake ya GHARAMA inasomeka hivi:

- Ada miaka miwili: dola 8,100
- Vitabu na vifaa, kadirio: dola 2,000
- Mafuta na maegesho, kadirio: dola 1,600
- Toa ruzuku ya Pell, tuseme amepata nusu: dola 7,400
- Inabaki mfukoni: dola 4,300
- Mshahara alioukosa: saa 16 × dola 18 × wiki 64 za mihula minne = dola 18,432
- Jumla: dola 22,732

Tazama mstari wa mshahara uliokosekana. Mtu angemwambia Neema "koleji ni dola elfu nne tu", na asingekuwa amedanganya. Angesoma nusu muda bila kupunguza saa za kazi, mstari huo ungekaribia sifuri, ila krediti 60 zingemchukua miaka 5 kwa krediti 6 kila muhula. Kila njia ina bei yake, chagua ile utakayoimudu bila kuacha katikati.

Hatua ya 7: Jaza safu ya MAPATO, kwa tofauti tu

Kosa kubwa hapa ni kuandika mshahara wote wa kazi mpya kana kwamba digrii ndiyo iliyouleta. Andika tofauti kati ya utakachopata ukiwa na digrii na ambacho ungepata bila digrii.

Neema akiishia kuwa mlinzi wa kampuni binafsi, mshahara wa kati ni dola 37,000. Ghalani anapata 37,440. Faida: hakuna, na amepoteza elfu 22.

Akiwa askari magereza, mshahara unapanda sana, lakini kazi hiyo angeipata na GED yake tangu siku ya kwanza. Mchango wa digrii ni nyongeza ya elimu peke yake. Tuseme ni dola 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka. Gawanya 22,732 kwa 1,200: karibu miaka 19 kurudisha pesa.

Akiwa Minnesota, ambako digrii ndiyo inayofungua mlango, na kazi mpya ikamwongezea hata dola 8,000 tu kwa mwaka juu ya ghala, anarudisha gharama kwa chini ya miaka 3. Digrii ni ile ile, Neema ni yule yule. Kilichobadilika ni jimbo.

Kisha fungua tovuti ya serikali ya College Scorecard, tafuta koleji yako, na uangalie mapato ya waliomaliza haki jinai pale. Inahesabu wale tu waliopata msaada wa serikali kuu, na kozi yenye wanafunzi wachache huachwa wazi, lakini ni bora kuliko picha za wahitimu wanaocheka kwenye kipeperushi.

Na mkikutana na ile chati maarufu inayoonyesha kwamba mwenye digrii ya miaka miwili anapata dola 1,058 kwa wiki na mwenye sekondari 899 (takwimu za 2023), kumbukeni ndani yake wamo mafundi wa eksirei, wasafishaji wa meno na wauguzi. Hao ndio wanaoivuta juu. Haki jinai inabebwa mgongoni mwao.

Hatua ya 8: Panga mfuatano

Ukishaziona safu mbili, mara nyingi swali huacha kuwa "nisome au nisisome" na kuwa "nianze na kipi". Maoni yangu, kwa mtu mwenye familia ya kulisha:

- Kama idara unayoitaka haidai digrii, omba kazi kwanza. Idara inayokuajiri kwa kawaida hukulipa mshahara ukiwa depo. Ukitoka, peleka cheti cha depo koleji upewe krediti, kisha malizia zilizobaki, ikiwezekana kwa pesa ya mwajiri.
- Kama inadai krediti fulani, soma krediti hizo tu, ukianza na masomo ya jumla: Kiingereza, hesabu, saikolojia, sosholojia. Hayo yanahama kwenda fani yoyote ukibadili nia.
- Kama lengo ni probesheni, upelelezi wa serikali kuu au kazi za mahakama, panga miaka minne tangu mwanzo. Komyuniti koleji iwe nusu ya kwanza ya bei nafuu.
- Kama hujui unataka nini isipokuwa kutoka ghalani, linganisha kwa karatasi hiyo hiyo na fani nyingine mbili za koleji hiyo. Usishangae uuguzi au ufundi umeme ukishinda.

Jihadhari pia na kulipia depo kwa pesa zako. Majimbo mengine yanaruhusu, na koleji nyingi zinaendesha depo hizo, lakini unabeba gharama na hatari yote peke yako, na mwisho wake bado unaomba kazi kama wengine.

Ukikwama

*FAFSA imekwama kwenye uthibitisho wa uhamiaji.* Hutokea sana majina yanapoandikwa tofauti, kwa mfano I-94 ina majina matatu na kadi ya usalama wa jamii ina mawili. Peleka nyaraka zote ofisi ya misaada ya fedha ana kwa ana, usisubiri barua pepe. Majina yakitofautiana, rekebisha kwenye ofisi ya usalama wa jamii kwanza.

*Mtihani wa kuingia umenipeleka kwenye Kiingereza cha chini.* Usiruke madarasa hayo, kazi ya polisi ni kuandika ripoti kutwa nzima. Ila uliza kama krediti zake zinahesabiwa kwenye digrii (kwa kawaida hapana) na kama yapo madarasa ya bure ya watu wazima. Ruzuku ya Pell ina kikomo cha mihula 12 ya muda wote kwa maisha yako yote, usiimalize kwenye maandalizi.

*Nimefeli muhula na wamenitishia kunikata msaada.* Koleji nyingi zinataka wastani wa alama (GPA) wa 2.0 na umalize karibu theluthi mbili ya krediti unazoanza. Ipo barua ya kukata rufaa. Andika sababu yenye ushahidi, kama ugonjwa, msiba au kubadilishiwa shifti, na ueleze kitu gani kimebadilika sasa.

*Sina cheti cha sekondari na siwezi kukipata Kongo.* Fanya GED. Usinunue cheti mtandaoni. Uchunguzi wa polisi utakifikia, na hapo hutakosa koleji peke yake.

*Nimeshaanza, na hesabu imeniambia nimekosea fani.* Usiache katikati ya muhula. Ukiondoka kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya ruzuku hurudishwa serikalini na koleji inaweza kukudai wewe. Maliza muhula, kisha nenda kwa mshauri na transkripti yako (orodha ya masomo na alama zako), mwambie akuonyeshe krediti ngapi zinaingia kwenye fani unayohamia, na achapishe hiyo karatasi.